Hua Wawili Hekaluni

Jumatano, Desemba 24

Soma Luka 2:22–24 na Walawi 12:6–8. Sadaka iliyoletwa na Yusufu na Mariamu inafunua nini kuhusu nyumba alimozaliwa Mwokozi?

Torati ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja kwa sadaka ya kuteketezwa, na ndege mmoja kwa sadaka ya dhambi. Asiyeweza kumpata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu. Wazazi wa Yesu walileta sadaka ya maskini, ilhali mtoto waliyempakata ndiye Mwana-Kondoo wa Mungu (Yohana 1:29). Siku hiyohiyo, Simeoni na Ana walimtambua na kumsifu Mungu (Luka 2:25–38).

Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Desemba 25 inaonekana katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Siku hiyo haina utakatifu wowote. Siku ambayo Mungu aliitakasa ni Sabato. Ellen G. White alilijua hilo, lakini hakuwashauri wazazi waipuuze Krismasi mbele ya watoto. Katika gazeti la Review and Herald la Desemba 1879, alihimiza makanisa yawe na mti ambao juu yake zitatundikwa sadaka, kubwa na ndogo, kwa ajili ya nyumba za ibada. Zawadi zielekezwe kwanza kwa Yule ambaye kuzaliwa kwake kunakumbukwa.

Hata hivyo, kwa wengi Desemba ni mwezi wa aibu. Baba anakopa ili watoto wake wale pilau na kuvaa vizuri kama wa jirani. Januari ikifika, hana fedha ya sare wala madaftari. Mama anakaa nyumbani hata siku ya Sabato kwa sababu wanawe hawana nguo mpya. Nani aliwafundisha kwamba mbele za Mungu mtu hupimwa kwa nguo? Mariamu aliingia hekaluni na hua wawili, na Mungu hakumwonea haya.

Soma 2 Wakorintho 8:9 na Luka 14:12–14. Ni nani katika kanisa lako ambaye hatarajii mgeni wala mwaliko wiki hii?

Kristo alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu. Familia inayoamini hivyo yaweza kusoma Luka 2 pamoja jioni, kuomba, na kumkaribisha mjane au yatima mezani, hata kama chakula ni ugali na maharage. Haihitaji kukopa ili kumheshimu Yesu.

Kwa Kutafakari: Kama mama yule asipoonekana kanisani Sabato hii, darasa lako litamfuata nyumbani kwake? Litakwenda na nini mkononi, na litamwambia nini?