Salamu za Krismasi: Tujibu Nini?

Kijana wetu wa Mvita, afanyaye kazi katikati ya mji wa Nairobi na kukaa Kangemi, ameuliza: "Jirani yangu huniambia 'Krismasi njema'. Nimjibu nini?"

Jawabu: Injili hazikutaja siku aliyozaliwa Nabii Isa (A.S.). Tarehe 25 Desemba yaonekana katika kalenda iliyoandikwa Rumi mwaka 354. Kanisa la Armenia huadhimisha 6 Januari, na Wahabeshi 7 Januari.

Lakini, ndugu yangu, usiifanye ilimu hii fimbo ya kumpigia jirani. Wanazuoni wetu nao wamekhitalifiana juu ya siku aliyozaliwa Mtume wetu (S.A.W.): wako wasemao 8, wako wasemao 9, na mashuhuri ni 12 Mfungo Sita. Hitilafu yetu na wao si tarehe, ni itikadi: kwao Isa ni mwana wa Mungu, kwetu ni mja Wake na Mtume Wake.

Basi sikukuu yao usiisherehekee. Ibn al-Qayyim amekataza hata kuipongeza. Ama jirani, mwambie: "Ahsante, Mungu akupe afya na uongofu," na augua mzuru. Haki ya ujirani haivunjwi na tofauti ya dini.

Wallahu aalam.