Picha ya Zamani ya Ukoo kama Kifaa cha Kufundishia Historia

Mtoto wa darasa la nne akiambiwa kwamba Vita vya Majimaji vilipiganwa mwaka 1905 hadi 1907, huikariri miaka hiyo kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Mtoto huyo huyo akioneshwa picha iliyofifia na kuambiwa, "Huyu ndiye aliyemzaa babu yako," hunyamaza kwanza, kisha huanza kutazama masikio, paji la uso na mikono. Anajitafuta. Hapo ndipo mwalimu anapopata njia ya kumwingiza katika historia.

Shabaha ya somo

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kutaja uhusiano wake na mtu aliye pichani: je, yeye ni mjukuu, kitukuu au kilembwe wake?
(b) kutenga aliyoyaona, aliyoambiwa na anayoyakisia;
(c) kuyahusisha maisha ya mtu huyo na tukio la historia ya mahali pake.

Maandalizi

Picha ya namna hii aghalabu ni moja tu katika ukoo mzima, nayo hukaa sandukuni ikitishiwa na mchwa, moshi na unyevu. Ikipotea njiani haina badala. Kwa hiyo mwalimu asiwaamuru watoto kuileta shuleni. Aende mwenyewe kwa mzee anayeitunza, aombe ruhusa kwa adabu, na aichukue nakala kwa simu. Lililo bora zaidi ni mzee mwenyewe kualikwa darasani.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza ni kutazama. Mwalimu asieleze neno. Achore ubaoni safu tatu: Ninaona, Nimeambiwa, Nakisia. Tuseme picha ni ya kijana aliyevaa sare. Watoto wajaze safu ya kwanza tu: kofia, mkanda, miguu, ukuta ulio nyuma yake.

Hatua ya pili ni kuuliza. Mzee aeleze, na watoto wajaze safu ya pili: "Alikuwa askari wa K.A.R. wakati wa vita vya Hitler."

Hatua ya tatu ni kupima. Mtoto mmoja atasema, "Basi alipigana Burma." Mwalimu asimkatize wala asimkubalie upesi. Awakumbushe kwamba vikosi vya K.A.R. vilipigana pia Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942. Neno "Burma" libaki katika safu ya tatu mpaka ushahidi upatikane. Mtoto aliyejifunza hili amejifunza kazi ya mwanahistoria.

Mwisho, mwalimu achore mstari wa wakati na kuweka matukio ya karibu: Wabenediktini kufika Peramiho mwaka 1898, mapigano ya Wamatengo na Wajerumani huko Litembo mwaka 1902, meli ya Waingereza kuishambulia ile ya Wajerumani huko Liuli mwezi Agosti 1914, Uhuru mwaka 1961. Kila mtoto aoneshe mahali ambapo mtu wake huenda alizaliwa, alioa au kuolewa, na alifariki.

Tahadhari

Kwanza, watoto wengi hawana picha. Waliouawa Litembo hawakuwaachia wajukuu wao picha za ukutani. Mtoto asiye na picha asionekane kuwa hana wazee. Kinu, jembe, kaburi, au jina alilorithi vyote vinafaa. Kule milimani Mbinga, mashimo ya ngoro ambayo mtoto huyapita kila asubuhi ni kazi ya mikono ya wazee wake, na yasomwe kwa safu zile zile tatu.

Pili, waulize watoto: nani alishika kamera? Picha nyingi za enzi ya ukoloni zilipigwa na wageni, ambao mara nyingi waliandika jina la mahali au la kabila na kuliacha jina la mtu.

Tatu, picha yaweza kuamsha uchungu. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na jamaa zake wameendelea kudai fuvu lake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea mwezi Novemba 2023. Ikiwa miaka zaidi ya mia haikuufuta uchungu huo, mwalimu asimlazimishe mzee kusema asilotaka kusema.

Kazi ya nyumbani

Picha haisemi yenyewe. Uso usio na jina, baada ya vizazi viwili, huwa uso wa mgeni hata ukutani kwa wajukuu wake; na mara nyingi anayelijua jina hilo ni bibi mmoja tu. Kila mtoto aende kwa mzee wake, na kwa idhini yake aandike kwa penseli laini nyuma ya picha, au katika daftari, mambo manne: jina la mtu, uhusiano, mahali, na nani aliyeeleza. Mwalimu aikague kazi hiyo kabla ya kufunga muhula. Mwaka ujao huenda asiwepo wa kuulizwa.