Samaki Wanahema Alfajiri: Ufanyeje?

Je, nyumbani mna bwawa dogo la perege? Basi amka alfajiri ukachungulie. Ukiwaona wamepanda juu wanahema midomo wazi, ujue oksijeni imepungua majini. Mchana mimea huitengeneza kwa mwanga wa jua. Usiku mimea na samaki wote huitumia.

Huna pampu wala umeme? Usijali. Acha kwanza kuwalisha na kutia samadi, kisha mimina maji safi ya kisima kutoka juu, yaanguke kwa kishindo. Punguza mimea, angalau nusu ya bwawa ibaki wazi. Magugu maji usilete kabisa!

Fyeka nyasi za kingoni: humo hujificha viluwiluwi vya mbu na konokono wa kichocho. Na kumbuka, usikojoe bwawani. Mkojo wa mgonjwa hueneza kichocho.