Pesa Imetoka, Mfumo Haujaiona: Tatizo Huwa Wapi?

Tuseme umelipa karo asubuhi kwa simu. SMS ya uthibitisho imeingia na salio limepungua. Saa nne mhasibu wa shule anakupigia: "Mzazi, kwetu hakuna kitu." Mtoto tayari yuko kwa foleni ya wanaorudishwa nyumbani. Utafanya nini? Wengi wetu tungelipa mara ya pili. Tafadhali, usilipe tena kabla hujasoma somo hili.

Mambo mawili tofauti

Ukilipa, kwanza pesa zinahama kutoka akaunti yako hadi ya shule. Halafu kompyuta inapeleka ujumbe kwa mfumo wa shule ili jina la mtoto lionyeshe amelipiwa. La kwanza linaweza kufaulu na la pili likakwama. Pesa iko. Ujumbe ndio haujafika, au umefika na haukueleweka.

Mifumo mingi, hasa ya zamani kidogo, huandikiana kwa XML. Huu ni mtindo ambapo kila kitu hupewa lebo yake: kiasi, nambari ya simu, nambari ya akaunti. Ili pande zote zijue lebo za kutumia, kuna faili ya maelezo ya huduma, iitwayo WSDL. Ichukulie kama menyu ya hoteli: inakuonyesha unachoweza kuagiza, kinaitwaje na utaletewa nini.

Kwa kawaida fundi haandiki kila kitu mwenyewe. Anaipa programu faili hiyo, nayo inamtengenezea sehemu ya kuunganisha. Shida huanza pale programu isipoweza kuisoma menyu hiyo, au ikiisoma vingine.

Mahali panapokwama

1. *Toleo.* WSDL 1.1 ilitolewa mwaka 2001, na 2.0 ikaidhinishwa na W3C mwaka 2007. Hata lebo ya kwanza ilibadilika: ya 1.1 ni "definitions", ya 2.0 ni "description". Programu nyingi zilibaki na 1.1. SoapClient ya PHP, kwa mfano, haisomi 2.0.

2. *Mtindo wa kuandika.* Kuna mtindo wa zamani uitwao rpc/encoded. Shirika la WS-I liliukataza katika mwongozo wake wa Basic Profile, na JAX-WS ya Java huukataa kabisa. Faili si mbovu, na programu si mbovu. Ni kwamba hazipatani.

3. *Nakala ya jana.* PHP huweka nakala ya faili ili isiisome upya kila mara. Muda wa kawaida ni sekunde 86,400, yaani siku nzima. Mtoa huduma akibadilisha faili leo asubuhi, mfumo wako unaweza kuendelea kutumia ya zamani hadi kesho.

4. *Moja si orodha.* Hili ndilo linalochanganya wengi. Mfumo ukiuliza malipo ya siku na yakiwa matatu, SoapClient inaupa orodha. Yakiwa moja tu, isipokuwa fundi ameiagiza vingine, inaupa kitu kimoja kisicho ndani ya orodha. Mfumo uliozoea orodha unachanganyikiwa. Kumbe ndiyo maana siku za kazi mambo ni sawa, halafu Jumapili mzazi mmoja analipa na haonekani!

Kama wewe ndiye umelipa

- Usilipe tena, na usifute SMS.
- Angalia kiasi, jina la aliyepokea na nambari ya akaunti uliyoandika. Kama ni sawa, mpe mhasibu nambari ya muamala. Mwombe aitafute kwenye taarifa ya akaunti ya malipo, si kwenye mfumo wa shule.
- Kama ulikosea nambari, hilo ni tatizo lingine. Pigia huduma kwa wateja mara moja.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema "anarekebisha mfumo". Hakuna hitilafu ya XML inayohitaji PIN ya mteja.

Kama wewe ndiye unapokea

Linganisha mfumo wako na taarifa ya akaunti kila jioni. Zikitofautiana, muulize fundi maswali haya:

- Faili ni toleo gani, na programu yetu inasoma toleo gani?
- Imeandikwa kwa mtindo gani?
- Nakala iliyohifadhiwa ilifutwa faili ilipobadilishwa?
- Umejaribu siku yenye malipo mengi, yenye moja tu, na isiyo na malipo?

Kwa swali la mwisho, PHP ina mpangilio uitwao SOAP_SINGLE_ELEMENT_ARRAYS, unaofanya hata kitu kimoja kije kama orodha. Ni badiliko dogo, lakini fundi alijaribu kwanza kwenye mazingira ya majaribio, kwa sababu huenda sehemu nyingine ya mfumo ilizoea hali ya zamani.

Kompyuta mbili zikikosa kuelewana, hilo si kosa la mzazi, na mtoto hana hatia. Kwa hivyo mhasibu, kabla hujamwambia mtoto abebe begi aende nyumbani, fungua taarifa ya akaunti kwanza. Huenda karo yake iko hapo tangu asubuhi.