Anayesafishwa Damu: Usitazame Mizani Tu, Tazama na Ngazi

Ukipita kwenye daraja la wapita njia la Barabara ya Outering asubuhi, hukosi kumwona mtu aliyeshika reli katikati ya ngazi, akivuta pumzi. Tunampita tukidhani ni uzee. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi, kusimama huko ni habari ambayo daktari wake angependa kuisikia.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huenda hospitalini mara mbili au tatu kwa wiki, na kila kipindi huchukua kama saa nne. Mashine huondoa uchafu na maji ya ziada. Lakini pamoja na uchafu huondoka pia gramu kadhaa za amino asidi, ambazo mwili huzitumia kujenga misuli. Ugonjwa wenyewe nao hupunguza hamu ya kula. Chakula kisipotosha, mwili huanza kula misuli yake, ya mapaja ikiwemo, na ghorofa ya tatu huanza kuwa mbali. Fleti zetu nyingi za Umoja na Kayole hazina lifti.

Mizani inaweza kuficha haya yote. Misuli ikipungua kilo mbili na maji yakaongezeka kilo mbili, uzito unabaki uleule na nyumbani kila mtu anaridhika.

Tatizo jingine ni ushauri uliopitwa na wakati. Kabla ya kuanza mashine, wagonjwa wengi huambiwa wapunguze protini ili figo zisichoke, na wakati huo ni ushauri mzuri. Mashine ikianza, hesabu inageuka. Mwongozo wa kitaalamu wa 2020 unapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha kuku au samaki kinachojaa kiganja, kama 20. Ugali, sukuma wiki na chai ya rangi havifiki hapo, na bado kuna nyumba ambako mgonjwa ananyimwa yai kwa kumpenda.

Hii haina maana ale kila kitu. Sukuma wiki ina potasiamu nyingi, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Ikatwe, ichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Omena ni nafuu, lakini huliwa na mifupa yake, kwa hivyo fosfeti ni nyingi. Ute mweupe wa yai una fosfeti kidogo. Maharagwe, ndizi na parachichi, kiasi chake apange na mtaalamu wa lishe. Wapo katika hospitali za kaunti, Mama Lucy Kibaki ikiwemo. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia kusafishwa damu. Trei ya mayai hailipii, na hapo ndipo familia huumia.

Miguu unaweza kuipima nyumbani. Chagua siku isiyo ya mashine, kwa kuwa baada ya mashine presha huweza kushuka na mtu akapata kizunguzungu. Mgonjwa akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, mtu akiwa karibu naye. Akipitisha sekunde 15, miguu imepungua nguvu. Au atembee mita nne kwa mwendo wake wa kawaida. Sekunde tano au zaidi ni dalili hiyohiyo. (Sebule yangu haifiki mita nne. Tumieni korido.)

Zoezi lenyewe, kama vile kutembea kidogo kila siku isiyo ya mashine, lianze baada ya daktari kukubali. Maumivu ya kifua au kukatika pumzi, asimame na atafute msaada.

Siku ya mashine, muuguzi akiuliza hali, "niko sawa" haimsaidii. Mwambie mwezi uliopita ulifika mlangoni bila kupumzika, na sasa unapumzika mara mbili. Uliza pia kama uzito wako mkavu, yaani uzito baada ya maji ya ziada kutolewa, unafaa kukadiriwa upya.