Tundu la Maji Kabla ya Zege

Mpwa: Nimekuletea ramani ya zile fremu za maduka za Handeni. Jumamosi tunamwaga zege la paa. Ni paa la kuficha, ukuta umelizunguka.

Mjomba: Maji ya mvua yatatokea wapi?

Mpwa: Fundi kasema tutatoboa baadaye, tukishaona yanapotuama.

Mjomba: Huyo kaanzia mwisho. Tundu ndilo linalosema mteremko uelekee wapi na uanzie juu kiasi gani. Upana?

Mpwa: Mita 10, toka barazani hadi nyuma.

Mjomba: Sikubali chini ya sentimita 2 kwa kila mita. Kwa hiyo mbele patakuwa juu ya nyuma kwa sentimita 20. Wala usizijaze kwa plasta, utaongeza zaidi ya kilo 400 kwa mita ya mraba kule mbele. Mirunda ya mbele iwe mirefu, zege lenyewe lilalie nyuma. Na ukuta wa mbele uupandishe, maana utamezwa.

Mpwa: Wengine wanaweka sentimita 1 tu.

Mjomba: Kwenye karatasi inatosha. Ila zege hupinda kidogo katikati ya nguzo kadiri miaka inavyokwenda, na hicho kimteremko kinageuka bonde. Maji ya kina cha sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Uzito unazidisha bonde, bonde linazidisha maji.

Mpwa: Handeni kwenyewe mvua si ya hivyo. Si kama ninyi wa Korogwe, mnaokaa chini ya Usambara.

Mjomba: Mvua ya mwaka mzima haikuhusu, ya saa moja ndiyo inayokuhusu. Jengo lina urefu wa mita 20, sivyo? Milimita 50 zikishuka, una lita 10,000 juu ya dari. Weka mabomba mawili, maana moja litazibwa na majani ya mwarobaini. Halafu toboa ukutani tundu la dharura, sentimita 5 juu ya midomo ya mabomba. Siku likimwaga maji, utajua mabomba yameziba.

Mpwa: Hayo maji ningeyataka.

Mjomba: Ndiyo maana nasema yaelekee nyuma, kwenye tangi. Handeni mnasukumiwa maji ya Mto Pangani toka huku kwetu, halafu ya mvua myatupe barabarani! Yale ya kwanza ya vuli tu ndiyo uyaache yaoshe vumbi na mavi ya ndege.

Mpwa: Nikiweka bati badala ya zege?

Mjomba: Bati lina maungio na misumari, linataka mteremko mkubwa kuliko wa zege.

Mpwa: Nitajuaje fundi kafuata?

Mjomba: Kabla ya zege, pimeni kwa mpira wa maji, pima maji fupi itawadanganya. Zege likikomaa, ziba mabomba, mwaga maji yafike kina cha vidole viwili kwenye midomo ya mabomba, yalale hadi kesho yake, ukague dari. Kisha zibua. Dimbwi lolote litakalobaki siku ya pili lizungushie chaki, fundi alirekebishe ndipo ummalizie hela yake. Na Jumamosi iahirishe.