Kumtafuta Babu Aliyepotea Katika Kumbukumbu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Familia nyingi nchini Tanzania hutaja vizazi vitatu bila kusita. Ukiuliza cha nne, majibu yanafupika: "alitoka bara", "alikwenda manamba hakurudi", "alikuwa askari wa Mjerumani". Maelezo haya ni kwa aliyekwama hapo. La kushika ni hili: mtu anayeonekana kutoweka mara nyingi yumo kwenye kumbukumbu, ila kwa jina jingine au pembeni ya jina la mtu mwingine. Mtafute kupitia waliomzunguka.

Nianzie wapi?

Anza na wazee walio hai, kisha uende kwenye karatasi. Usianze na babu unayemtafuta. Muulize mzee habari zake mwenyewe kwanza, halafu za wazazi wake, ndipo urudi nyuma. Ulizia ndugu wote wa tumbo moja, hata waliokufa wachanga na waliohamia mbali. Ulizia aliyeingia naye jando, aliyemsindikiza kwenda kuoa, aliyegawa mirathi yake, na mjukuu aliyerithi jina lake. Kama ukoo wenu hufanya tambiko, msikilize anayeliongoza: huwataja waliotangulia kwa mpangilio, na mpangilio huo ni orodha ya vizazi. Watani nao usiwasahau, kwa sababu wameshiriki misiba yenu na wanajua mengi.

Mzee hajui mwaka. Nifanyeje?

Usimbane kwa tarehe. Muulize kwa matukio: babu alikuwa ameshaoa wakati wa Maji Maji? Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea? Vita hivyo vilikuwa 1905 hadi 1907, kwa hiyo jibu moja linakupa muda wa kukisia kuzaliwa kwake. Ugogoni kuna njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea hadi karibu 1920. Kongwa na Nachingwea wanakumbuka mradi wa karanga ulioanza 1947. Andika jibu kama lilivyotamkwa, kisha pembeni weka miaka unayokadiria. Ukichanganya vitu hivyo viwili, kesho hutajua kipi alisema mzee na kipi ulikisia wewe.

Kwa nini jina la ukoo wetu halimo kwenye daftari lolote?

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama. Kwa desturi ya pwani na miji mingi ya bara, jina la pili lilikuwa la baba. Athumani mwana wa Hamisi aliandikwa Athumani bin Hamisi. Mwanawe akaitwa Saidi bin Athumani. Mjukuu akitafuta leo "familia ya Saidi" katika miaka ya 1920 hataiona, kwa sababu kila kizazi kilibeba jina lake. Wanawake wamefichika zaidi: bibi huweza kuandikwa binti Juma mahali pamoja, na mahali pengine mke wa fulani tu.

Isitoshe, mtu mmoja aliweza kuwa na majina kadhaa. Nyumbani ni Masanja, misheni ni Petro, na kwenye shamba la mkonge karani kaandika alichosikia. Tenga ukurasa mmoja kwa majina yote ya mtu huyo: la kuzaliwa, la dini, la utani, la kazini. Kisha yasome kwa sauti, maana l na r hubadilishana kwenye madaftari. Karani wa Kijerumani naye aliandika kwa tahajia ya kwao: Moschi ni Moshi, Muansa ni Mwanza, Udjidji ni Ujiji. Majina ya vituo pia yamebadilika: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu.

Nyaraka zipo wapi?

Uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuwepo kisheria enzi za Waingereza, lakini kwa miaka mingi haukuwa lazima kwa Waafrika. Kwa aliyezaliwa kabla ya uhuru, usishangae RITA, wakala wa serikali wa usajili, ikikosa jina lake.

Kwa Wakristo, daftari la ubatizo ndilo lenye utajiri. Kwa Wakatoliki huandikwa jina, wazazi, msimamizi na padri aliyebatiza. Usiishie hapo: tazama pembeni mwa ukurasa. Kanisa hurudi kwenye daftari hilohilo na kuandika kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Mstari mfupi wa pembeni unaweza kukuonyesha babu aliyedhaniwa kutoweka alioa wapi. Mchunguze na msimamizi, kwani mara nyingi ni ndugu au jirani, na daftari linaweza kukupa ukoo wake pale ambapo wako haukuandikwa. Mwombe paroko kwa adabu, ukiwa na jina la kituo na miaka unayokadiria.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, hutunza majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika historia za makabila na machifu. Ulizia kwanza utaratibu wa kuruhusiwa kusoma.

Alikwenda manamba au vitani?

Mashamba ya mkonge ya Tanga yalivuta watu kutoka Kigoma, Songea hadi Rwanda na Burundi. Watafute wenzake waliotoka kijiji kimoja. Walisafiri kwa makundi, na mmoja aliyerudi alileta habari. Kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jiandae kwa ukimya: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Hapo simulizi ya ukoo ndiyo kumbukumbu kuu, nayo ina haki ya kuandikwa.

Na kama alikuwa mtumwa?

Amri ya Zanzibar ya tarehe 6 Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aombe uhuru wake mahakamani, na bwana wake alipwe fidia. Malipo hayo yaliacha maandishi, kwa hiyo jina la bwana linaweza kukufikisha kwa mhenga wako. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Majina kama Mabruki, Feruzi au Uledi mara nyingi yalitolewa na mabwana, na neno "Mnyasa" lilikusanya watu wa makabila mengi waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Lichukue kama dalili ya upande, lisikufungie kabila.

Makaburi yetu yako wapi?

Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya watu. Kijiji unachokijua leo huenda si alikozikwa babu. Ulizia mahame, uende na mzee anayeyajua, utazame miembe mikongwe, na kwa Wachaga mimea ya masale.

Kipimo cha vinasaba kitanisaidia?

Kinaweza kukuonyesha ndugu aliyepimwa pia. Hakikupi jina la babu. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, kwa hiyo ulizia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kutuma sampuli nje.

Mzee hataki kusema. Je?

Mwambie wazi kwamba hutafuti shamba wala mirathi. Hofu hiyo hufunga midomo mingi. Wakati mwingine anaficha utumwa au mtoto wa nje ya ndoa. Usimlazimishe. Siri inayowahusu walio hai, hata ukiipata, usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nifanye nini wiki hii?

Chagua mzee mmoja aliye mkubwa kuliko wote, kwa sababu jalada linaweza kusubiri mwakani na yeye hatuna ahadi naye. Omba ridhaa, mrekodi kwa simu, uandike jina lake, tarehe na mahali. Mpe ndugu mwingine nakala siku hiyohiyo, ili simu ikipotea ukoo usipoteze mara ya pili.